Faili Kabla ya Viza: shajara ya mradi wetu, Nairobi, Januari hadi Septemba 2025

Jumanne, 14 Januari

Leo tumefungua mlango. Ni chumba kimoja ghorofa ya pili, Nairobi West, mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi Uwanja wa Nyayo. Tuna meza mbili, kabati la chuma tulilolitoa soko la Gikomba, na printa inayoskani. Tuko watatu: mimi, niliyecheza voliboli miaka 14 kisha nikawa meneja wa timu, kijana wa kompyuta anayetutengenezea programu ya kumbukumbu, na wakili anayetupa Ijumaa alasiri zake zote bila kudai hata nauli.

Kazi tuliyojipa ni hii: mwanamichezo au kocha wa Kenya akishapata mkataba nje ya nchi, tumsaidie kukusanya faili ya viza ya kazi, na tutakayojifunza tuyaandike kwa Kiswahili yawe mwongozo. Hatumtafutii mtu timu. Hatuuzi viza. Haya mawili nimeyaandika kwa wino mwekundu na kuyabandika mlangoni, maana asubuhi hii hii walipanda vijana wawili wakiuliza Qatar ni pesa ngapi.

Kilichonisukuma ni cha zamani. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa akichezea Parma, na Manchester City walikuwa tayari kumchukua. Uingereza ikamnyima kibali cha kazi. Kanuni ya wakati ule ilitaka nchi ya mchezaji iwe miongoni mwa 70 bora katika orodha ya FIFA kwa wastani wa miaka miwili, nasi hatukuwamo. Dirisha la uhamisho likiwa linafungwa Inter Milan wakamwita, na Mei ya mwaka huo huo timu hiyo ikatwaa Ligi ya Mabingwa. Mariga alipata mlango wa pili. Mimi nimecheza na wasichana ambao mlango wao ulikuwa mmoja tu, ukafungwa kwa sababu ya karatasi, na leo wanauza mitumba.

Jumatatu, 27 Januari

Tuliwaalika wanamichezo na makocha kumi, kila mmoja tukamwomba aje na ushahidi wa kazi yake. Mkimbiaji mmoja wa mbio za barabarani, mama wa mtoto mmoja, alisafiri usiku kucha kutoka Iten akiwa na kiondo begani. Alipofika akakimimina mezani: medali 23. Nilizigeuza moja moja. Upande huu jina la mbio, upande ule mwaka, na kwenye baadhi nembo ya mdhamini. Hakuna hata moja yenye jina lake.

Alinitazama nikizipanga kwa miaka, akauliza, “Mama, hizi si zinatosha?”

Ilibidi nimwambie ukweli. Afisa wa mbali anayesoma faili hawezi kujua medali ilivaliwa na shingo ya nani. Anachokisoma ni orodha rasmi ya matokeo yenye jina na muda, barua ya shirikisho, gazeti lenye tarehe, mkataba uliotiwa sahihi, taarifa ya benki inayoonyesha zawadi iliingia. Kati ya hao kumi, waliokuwa wamewahi kuchapisha matokeo yao na kuyaweka ni wawili. Makocha walikuwa watatu, na hao ndio walionitia huzuni: vyeti vya kozi viwili vitatu, picha za simu, basi. Mmoja wao amewafundisha watu waliovaa jezi ya taifa, lakini kwenye karatasi ni kana kwamba hakuwahi kuwapo uwanjani.

Nimeandika ubaoni: faili huanza siku ya mashindano ya kwanza.

Jumatano, 12 Februari

Siku tatu za kusoma kanuni. Huku mtaani watu husema “viza ya michezo” kana kwamba ni kitu kimoja. Kila nchi ina yake, na inamtazama mwanamichezo kwa jicho lake.

Marekani, mwanariadha anayeshindana peke yake huingia kwa viza ya P-1A. Anaweza kupewa hadi miaka mitano, na kuongezewa mitano. Ombi haliwasilishi yeye; mwajiri au wakala aliyeko kule ndiye anayejaza fomu I-129 na kuonyesha angalau mambo mawili kati ya saba. Kwa wakimbiaji wetu yanayopatikana ni kuiwakilisha nchi katika mashindano ya kimataifa, nafasi katika orodha ya ubora duniani, tuzo yenye uzito, na barua ya mtaalamu au chombo cha habari za michezo kinachotambulika. Anayekwenda kukimbia mbio na kurudi, asiyelipwa ila zawadi ya ushindi, anaweza kusafiri kwa B-1, viza ya ziara fupi ya shughuli. Akishaahidiwa mshahara au ada ya kushiriki, B-1 haimfai tena. Hapo ndipo wakimbiaji wetu wengi huteleza bila kujua, na kosa huandikwa kwenye rekodi ya mkimbiaji wakati meneja analala salama.

Jambo jingine ambalo sikulijua, na ninataka liwe ukurasa wa kwanza wa mwongozo: mwenye viza ya P, au ya O ya watu wenye uwezo wa kipekee, akiachishwa kazi kabla ya muda wa kibali kuisha, mwajiri anapaswa kulipia nauli yake ya kurudi kwao. Nimewaona watu wakichangiwa nauli kwa harambee ya WhatsApp kumbe sheria ilikuwa upande wao.

Japani ina historia yake na sisi. Douglas Wakiihuri alikwenda huko 1983, akawa bingwa wa dunia wa marathoni 1987. Samuel Wanjiru alikwenda 2002 akiwa mwanafunzi, akatwaa dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008. Michael Olunga alikuwa mfungaji bora wa ligi yao 2020 kwa mabao 28. Huko mwajiri huomba kwanza hati ya kustahiki ukaazi, ambayo ikitoka hudumu miezi mitatu. Mkimbiaji anayeajiriwa na kampuni awe ameshiriki mashindano ya kimataifa na alipwe angalau yeni 250,000 kwa mwezi. Kocha awe na uzoefu wa miaka mitatu au zaidi, uliothibitishwa kwa barua za waliomwajiri.

Uingereza ilibadilisha njia yake 11 Oktoba 2021. Sasa shirikisho la mchezo la kule ndilo linalomthibitisha mchezaji au kocha, na mwenye kukaa zaidi ya miezi 12 aonyeshe Kiingereza cha ngazi ya A1. Mkenya anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita hupimwa kifua kikuu kwanza, hapa hapa Nairobi, kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na hulipa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka. Ada hiyo huwashtua watu kuliko viza yenyewe.

Kisha makocha. Marekani kocha anaweza kufuatana na mwanariadha wake kwa P-1S, kama mtu wa lazima katika kazi ya mwanariadha huyo. Akitaka kwenda kwa jina lake mwenyewe, njia ni O-1, na hapo aonyeshe kuwa ni bingwa wa kufundisha. Medali alizozipata akicheza hazimthibitishi kama kocha. Nilipoisoma nilikumbuka wale watatu wa Januari.

Alhamisi, 20 Februari

Siku nzima ya maneno. Watu wengi hudhani barua ya mwaliko ni viza. Wengine wakiona barua pepe inayosema ombi limekubaliwa, wanauza ng'ombe na kufanya sherehe. Tumekubaliana mwongozo utumie majina matatu, na yasichanganywe popote: “ombi la mwajiri” ni ile karatasi inayoombwa kule anakokwenda mtu, “viza” ni ile inayobandikwa kwenye pasipoti baada ya ubalozi kuridhika, “ruhusa ya kuingia” ni uamuzi wa afisa wa uwanja wa ndege siku ya kufika. Kila moja yaweza kukubaliwa na inayofuata ikakataliwa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo alikuja kocha mmoja wa voliboli, mwenye miaka 53. Nilimfahamu nikiwa bado nacheza. Timu yake ya shule ilikuwa ikitupa taabu katika mechi za kirafiki. Ananiita binti yangu, nami namwita Mwalimu kama kila mtu. Klabu moja ya wanawake ya Ujerumani inamtaka awe kocha msaidizi. Mchezaji wake wa zamani aliye huko ndiye aliyemtaja.

Nikamwomba barua za ajira za ukocha. Hana. Ameajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, miaka 27, na kila hati ya malipo inasema mwalimu wa hisabati. Ukocha alikuwa akiufanya saa kumi jioni, bila senti. Klabu ya mtaa aliyoifundisha baadaye ilivunjika na katibu wake amefariki. Wakili alikuna kichwa. Mimi nilikaribia kusema pole Mwalimu.

Kisha akasema, “Lakini nina madaftari.”

Ameyaleta kwenye katoni ya sabuni: madaftari 31 ya Kasuku, tangu 2003 hadi 2024. Kila siku ya mazoezi ina tarehe, majina ya waliokuja, zoezi walilolifanya, nani aliumia na wapi. Pembeni, kila mchezaji ameweka sahihi yake mwenyewe. Nyingine ni za watoto wa kidato cha kwanza, zimekunjwakunjwa kwa madoido. Mwisho wa kila muhula kuna muhuri wa mwalimu mkuu, kwa sababu Mwalimu alikuwa akiomba mipira na ilibidi aonyeshe ilivyotumika. Kwenye jalada la daftari la kwanza ameandika kwa kalamu ya buluu iliyopauka: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulibaki kimya kidogo. Kijana wetu wa kompyuta akavuta kiti, akaanza kuskani ukurasa wa kwanza.

Alhamisi, 20 Machi

Kurasa 1,900 na kitu zimeskaniwa. Tumetengeneza jedwali: mwaka, idadi ya vipindi, wachezaji. Kwa kufuata majina tumepata sita walioitwa baadaye timu ya taifa, na wanne kati yao wamekubali kuandika barua wakieleza walifundishwa nini, na nani, lini. Nimewaomba wasiandike sifa za jumla. Mmoja ameeleza ukurasa mzima jinsi Mwalimu alivyombadilisha kutoka mpigaji hadi mpangaji kwa kumfungia kanga kiunoni asiruke. Hiyo barua ina thamani kuliko kumi zinazosema “ni kocha hodari”. Shirikisho nalo limetoa barua yake. Magazetini, baada ya siku mbili maktabani, tumepata ripoti tano zinazomtaja kwa jina.

Kwa mkimbiaji wetu wa Iten, mambo ni tofauti. Matokeo yake yako mtandaoni mengi, lakini yana wanawake wawili. Kwenye pasipoti jina lake linaanza na Chep-, na nusu ya mbio zake zimeandikwa Jep-. Kwetu hapa hakuna asiyejua ni mtu mmoja, ni herufi tu iliyofuata sikio la karani. Afisa asiyewahi kufika Bonde la Ufa anaona watu wawili, mmoja mwenye medali na mwingine mwenye pasipoti. Ameapa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, tumeambatisha matokeo ya kila upande, na barua ya shirikisho inayosema ni yeye.

Jumanne, 15 Aprili

Pigo. Wakili amesoma kanuni ya Ujerumani hadi mwisho. Mchezaji au kocha wa kulipwa kutoka nje ya Ulaya anaruhusiwa akiwa na miaka 16 au zaidi, shirikisho la mchezo wake kule likithibitisha uwezo wake kwa makubaliano na DOSB, kamati yao kuu ya michezo. Hayo tunayaweza. Lakini mshahara kabla ya makato usipungue nusu ya kiwango cha juu cha mshahara kinachokatwa michango ya pensheni. Mwaka huu kiwango hicho ni yuro 8,050 kwa mwezi, kwa hiyo nusu yake ni 4,025. Mkataba wa Mwalimu unasema 2,700 na nyumba ya bure.

Klabu yenyewe haikujua. Wageni wote iliowahi kuwaajiri walikuwa raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, ambao hawahitaji viza.

Nilimpigia Mwalimu jioni. Alikuwa tayari ameandika barua ya kustaafu mapema, iko mezani, kesho angeipeleka. Nilimsihi asiipeleke. Nikamwambia hata klabu ikikubali, hata shirikisho likithibitisha, barua hiyo isitoke nyumbani hadi viza iwe imebandikwa kwenye pasipoti na ameishika mkononi. Mshahara wa ualimu ndio unaosomesha wajukuu wawili. Alinyamaza, halafu akasema, “Sawa, binti yangu. Nimeirudisha kwenye Biblia.”

Huu sasa ni mstari wa kwanza wa sura ya makocha: usiache kazi kwa sababu ya mkataba.

Ijumaa, 9 Mei

Baba na mwanawe kutoka Kayole. Kijana ana miaka 17, kiungo, miguu yake inaonekana ina akili hata akiwa ameketi. Kuna mtu amewaambia akademia ya klabu ya Ulaya inamtaka, waende na viza ya matembezi, wakifika “mambo yatapangwa”. Ameomba shilingi 180,000, wameshatoa 60,000. Barua waliyonayo ina nembo ya klabu, lakini anwani ya barua pepe ni ya bure, ya mtu yeyote.

Tuliwaeleza taratibu. FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhama kwa shughuli zisizohusiana na mpira. Kuna nafuu kwa wa miaka 16 hadi 18 lakini ni kwa uhamisho wa ndani ya Ulaya. Kijana wa Nairobi hamo. Tangu Oktoba 2023 wakala wa mpira lazima awe na leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yamewekwa wazi. Tulimtafuta huyo mtu pale pale mbele yao. Hayumo.

Baba alikasirika. Si kwa yule mtu, kwetu sisi. Alisema tunamfungia mtoto riziki. Nilimwelewa. Ukishauza pikipiki yako, anayekwambia umetapeliwa ndiye anayekuibia tumaini. Waliondoka bila kuaga. Tulimpa kijana orodha ya vitu vya kuanza kuweka: video zenye tarehe, fomu za usajili, ripoti za mechi, cheti cha kuzaliwa kinachofanana na kila kitu kingine. Aliikunja akaitia soksini.

(12 Mei: kijana amerudi peke yake na ripoti mbili za mechi. Tumemfungulia faili. Pesa hazijarudi.)

Alhamisi, 26 Juni

Klabu ya Ujerumani imepata njia. Itampa Mwalimu timu yao ya wasichana wadogo pia, na mkataba mpya ni yuro 4,050. Wanasema waliposoma jedwali la madaftari, kiongozi wa akademia yao ndiye aliyesema mtu huyu asiwe msaidizi tu. Kwa kuwa atafundisha watoto wanataka cheti cha maadili mema. Ni shilingi 1,050 na alama za vidole, lakini miadi yake ya kituo cha Huduma ilikuwa jana, 25 Juni, na barabara za kuingia mjini zilikuwa zimezungushiwa seng'enge kwa ajili ya maandamano. Alifika hadi karibu na Nyayo Stadium kwa miguu, akarudi. Miadi mpya ni Jumatatu.

Ombi la mkimbiaji limewasilishwa na meneja wake Marekani kwa njia ya haraka, ile ya siku 15 za kazi. Ada yake peke yake mwaka huu ni dola 2,805. Nimemwomba mkimbiaji amuulize meneja kwa maandishi ni nani anailipa. Jibu: itakatwa kwenye zawadi zake. Angalau sasa imeandikwa.

Alhamisi, 17 Julai

Mkimbiaji alikuwa na mahojiano ubalozi wa Marekani, Gigiri, asubuhi. Jana jioni aliposhuka kwenye matatu tukakumbuka jambo moja kwa bahati. Yumo katika kundi la wanariadha wanaotakiwa kutoa taarifa za mahali walipo kwa ajili ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku: kila siku ataje saa moja na mahali ambapo anaweza kupatikana. Alikuwa ametaja saa kumi na mbili asubuhi, kambini Iten. Angekuwa kwenye foleni Gigiri, wapimaji wakagonga mlango Iten, na hilo lingekuwa kosa moja. Makosa matatu ndani ya miezi 12 ni adhabu. Tulikaa naye ngazini akabadilisha kwa simu, akaandika nyumba ya dada yake Ruiru, saa tatu usiku. Nimeiweka kwenye mwongozo kwa herufi kubwa: safari ya ubalozi ni safari.

Mahojiano yenyewe hayakwenda vizuri, na kosa ni letu.

Karatasi ya ombi lililokubaliwa ina Jep-. Sisi tulikagua kila hati ya mkimbiaji, tukaapisha kiapo, tukaambatisha barua. Hatukuomba kuiona fomu aliyoijaza meneja. Naye aliandika jina kama alivyoliona kwenye orodha za matokeo. Pasipoti ni Chep-. Sasa meneja aombe marekebisho kule kabla ya viza kutolewa.

Mbio zake ni wiki ya kwanza ya Septemba. Julai 2022 Ferdinand Omanyala alipata viza kwa kuchelewa, akatua Eugene saa chache kabla ya mchujo wa mita 100, na bado akafuzu hadi nusu fainali. Watu hupenda kuisimulia ile hadithi. Mimi huwaza miguu ya mtu aliyetoka kwenye ndege ya saa nyingi akaambiwa chuchumaa kwenye vizuizi vya kuanzia mbio.

Nilimwambia mkimbiaji ukweli, kwamba tulipaswa kuomba ile fomu, hatukuomba. Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza tu kama afanye mazoezi ya kasi wiki hii au apunguze. Hilo ndilo swali lililonikosesha usingizi.

Jumatatu, 11 Agosti

Simu hazinyamazi. Jana Harambee Stars waliwafunga Morocco 1-0 Kasarani katika CHAN, na mashindano yale ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao, kwa hiyo kila mtazamaji kutoka nje anajua waliopo uwanjani wanapatikana. Tangu asubuhi tumepigiwa na ndugu za wachezaji wanne na watu watatu wanaojiita mawakala. Wa leseni ni mmoja.

Kijana wetu wa kompyuta ameongeza kitu kwenye programu: mechi ikiisha, mchezaji anapokea ujumbe wa kumkumbusha kuhifadhi ripoti ya mechi siku hiyo hiyo. Ni dakika tatu za kazi. Uchezaji katika timu ya taifa ni mojawapo ya yale mambo saba ya Marekani, na mfumo wa alama 15 wa soka ya Uingereza nao huhesabu mechi za taifa. Mchezaji akija kwetu miaka minne kutoka sasa, sitaki kumtuma maktabani.

Ijumaa, 22 Agosti

Viza ya Mwalimu imetoka. Alikuja moja kwa moja kutoka ubalozi wa Ujerumani, Riverside Drive, akaifungua pasipoti mezani bila kusema neno, akatuzungushia sote tuione. Kisha akatoa Biblia kwenye mkoba, na ndani yake ile barua ya kustaafu. Tarehe ya Aprili ameikata kwa rula na kuandika ya leo.

Wakili alimwambia aiandike upya kwenye karatasi safi. Akakataa kwanza. Mwishowe akaandika nyingine, ile ya kwanza akatuachia.

Alhamisi, 4 Septemba

Marekebisho ya jina yalichukua wiki tano na siku kadhaa. Mkimbiaji wetu amepata viza leo. Mbio zimebaki siku mbili na waandaaji walishaijaza nafasi yake wiki iliyopita. Meneja anamtafutia nyingine ya Novemba. Nilikwenda naye hadi kituo cha magari ya Eldoret, nikamnunulia maji na ndizi. Alikuwa amevaa medali moja shingoni, chini ya sweta. Nilipomuuliza ni ipi akanionyesha: ile ya mbio zake za kwanza kabisa, za shule ya msingi. Mwalimu wake alikuwa amechonga jina lake nyuma kwa msumari. Chep-, kama kwenye pasipoti.

Kwenye orodha yetu ya ukaguzi kumeongezwa mstari juu ya mingine yote: pata nakala ya kila fomu anayoijaza mtu mwingine kwa jina lako, isome herufi kwa herufi kabla haijatumwa.

Jumanne, 16 Septemba

Mwongozo una kurasa 46. Sura ya makocha ndiyo ndefu kuliko zote, na bado naona haitoshi. Nataka kuongeza vielelezo vya daftari la mazoezi, pamoja na nafasi ya sahihi na ya muhuri, ili kocha yeyote wa mtaani aanze Jumatatu. Kijana wa Kayole sasa huja kila Jumamosi kupanga faili za wengine. Baba yake alimsindikiza wiki iliyopita. Hakupanda juu, ila alisimama chini akingoja.

Madaftari 31 yako kwenye kabati letu la chuma, rafu ya kati. Jana usiku Mwalimu alituma picha. Ni daftari la 32, la Kasuku, alilobeba kutoka hapa. Tarehe, zoezi, majina 14 ya kigeni ambayo ameyaandika polepole kwa herufi zilizosimama, na kando ya kila jina sahihi ya mwenyewe. Chini kabisa kuna muhuri wa klabu, na pembeni mwa muhuri mtu wa ofisini ameandika tarehe.